Kuona Vizuri Unapoteleza kwa Ubao wa Theluji Usiku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mwezi Desemba jua huzama Minneapolis mnamo saa kumi na nusu jioni, Vancouver mapema kidogo kuliko hapo, na Stockholm kabla hata ya saa tisa alasiri. Kwa anayetoka kazini au shuleni, kuteleza siku za juma maana yake ni kuteleza chini ya taa: Buck Hill na Hyland Hills pembeni mwa Minneapolis, Grouse, Cypress na Seymour juu ya Vancouver, Bromont kule Quebec, Hammarbybacken ndani ya Stockholm kwenyewe. Majibu haya ni kwa ajili ya watu hao. Yameanza na mambo ya msingi yakaishia kwenye yale yanayotokea kwa nadra, na pale swali moja linapogusa jingine tumetaja namba yake badala ya kurudia.

Msimamo wetu ni huu: taa za mteremko kwa kawaida zinatosha. Kinachomnyima mtu kuona, mara nyingi, ni kile alichoweka mbele ya macho yake mwenyewe.

## Lenzi

1. Usiku nivae lenzi ya rangi gani?

Isiyo na rangi. Lenzi za miwani ya theluji hupangwa kwa kiasi cha mwanga zinaopitisha, na kipimo hicho huandikwa kwenye boksi, au kwa herufi ndogo pembeni mwa lenzi, kama S0 hadi S4. S0 hupitisha asilimia 80 hadi 100, S1 asilimia 43 hadi 80, S2 asilimia 18 hadi 43, S3 asilimia 8 hadi 18, na S4 asilimia 3 hadi 8 tu. Kampuni nyingine huandika asilimia yenyewe mbele ya herufi VLT. Kwa usiku tafuta S0, au VLT ya 80 na kuendelea.

Tofauti si ndogo. Lenzi ya jua kali yenye asilimia 12, ambayo wengi huipata kwenye miwani yao ya kwanza, ikilinganishwa na lenzi angavu ya asilimia 90, inakupa mwanga pungufu mara saba na nusu. Hakuna mteremko wenye taa za kufidia upungufu huo.

Usiichague lenzi kwa kuitazama dukani. Chini ya taa za duka S1 na S0 hufanana sana. Soma namba.

2. Kwani siwezi kuteleza bila miwani kabisa?

Utaona vizuri kwa nusu dakika ya kwanza. Ukifika mwendo wa kilomita 30 kwa saa kwenye baridi ya nyuzi −10, macho yanaanza kutoa machozi, na machozi hugeuza kila taa kuwa nyota yenye miale mirefu. Halafu kuna chembe za barafu zinazorushwa na ubao wa aliye mbele yako, matawi, na ukingo wa ubao wako mwenyewe ukianguka. Miwani ni ya lazima. Swali ni ipi.

3. Nimeambiwa lenzi ya njano inaongeza mwanga. Ni kweli?

Hapana. Hakuna lenzi inayoongeza mwanga. Kila moja inapunguza, zinatofautiana kwa kiasi. Lenzi ya njano au ya waridi huchuja sehemu ya mwanga wa bluu, na mchana wa mawingu hilo husaidia vivuli kuonekana. Maneno "kwa mwanga hafifu" kwenye boksi yanazungumzia mchana huo wa mawingu. Lenzi ya waridi yenye asilimia 50 ni nzuri saa sita mchana theluji ikianguka, lakini saa mbili usiku imekunyang'anya nusu ya mwanga wako.

Njano iliyofifia yenye asilimia 75 au zaidi haina ubaya, na kama ndiyo uliyo nayo, itumie. Kwenye milima yenye taa za zamani za sodiamu, zile za rangi ya chungwa, haitakusaidia lolote: taa hizo hazina bluu ya kutosha ya kuchujwa.

4. Vipi lenzi zinazobadilika rangi zenyewe, lenzi za kioo na za polaraizi?

Lenzi zinazobadilika huwa nyeusi zikipigwa na mionzi ya urujuanimno ya jua. Usiku mionzi hiyo haipo, kwa hiyo hurudi kwenye hali yake ya mwanga zaidi. Jambo la kuuliza ni hali hiyo ni asilimia ngapi. Zipo zinazofika 80, nazo zinafaa. Zipo zinazogota kwenye 50 au chini ya hapo. Jambo la pili ni baridi: kadiri inavyozidi, ndivyo lenzi hizi zinavyochelewa kurudi angavu. Ukianza kabla ya machweo ukaendelea gizani, utatumia muda fulani ukiwa na lenzi nyeusi kuliko inavyopaswa kuwa.

Lenzi zenye utando wa kioo kwa nje hurudisha sehemu ya mwanga kabla haujakufikia. Za polaraizi hukata karibu nusu ya mwanga, na zaidi ya hapo huzima mng'ao, wakati usiku mng'ao ndio unaokuambia kwamba mbele kuna barafu (swali la 13). Ziache nyumbani.

5. Lenzi isiyo na rangi inanilinda na jua nikifika mapema?

Inazuia mionzi ya urujuanimno, kwa sababu plastiki ya polikaboneti yenyewe huizuia hata isipotiwa rangi. Haikulindi na mwangaza mkali. Kama kuna saa mbili za jua kabla ya giza, anza na lenzi ya mchana ukabadilishe. Swali la 14 linaeleza kwa nini hilo linaathiri hata kuona kwako usiku.

6. Nina miwani moja tu, na lenzi yake ni nyeusi. Nifanye nini leo?

Kwanza angalia kama kampuni yako inauza lenzi angavu ya fremu hiyo. Mara nyingi ni nafuu kuliko miwani mpya. Zenye sumaku hubadilishwa kwa sekunde chache, zile za kuchomeka kwenye mfereji wa fremu zinataka subira na mikono mikavu. Badilisha ndani ya jengo, lenzi na sponji vikiwa vikavu, ukishika kingo tu.

Kama duka limefungwa, miwani angavu ya usalama ya mafundi, ile ya polikaboneti inayozunguka hadi pembeni mwa uso, itakuvusha jioni moja. Inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Inapitisha upepo kidogo na haikai imara ukianguka, basi shuka polepole. Hata hivyo tunaipendelea kuliko lenzi ya asilimia 12 gizani.

## Ukungu, maji na barafu

7. Kwa nini miwani hujaa ukungu kila ninaposimama?

Hewa iliyo ndani ya miwani imepata joto na unyevu wa uso wako. Ukiwa kwenye mwendo, upepo huingia kwenye matundu ya juu na ya chini ya fremu na kuisukuma nje. Ukisimama, hewa hiyo haisukumwi na kitu. Unyevu unakutana na lenzi yenye baridi na kuganda juu yake kama vitone. Ndiyo maana ukungu huanza kwenye foleni ya lifti, au pale ulipokaa kufunga vifungo vya ubao ukihema.

Visababishi vikubwa ni vitatu. Cha kwanza ni kitambaa cha shingo kilichopandishwa hadi puani na kuingizwa chini ya fremu: kila pumzi inapanda moja kwa moja kwenye lenzi. Kiache nje ya fremu, na pua iwe wazi ukisimama. Cha pili ni kuvaa nguo nyingi. Mwili unaotoka jasho ni mvuke unaopanda. Cha tatu, na ndicho kinachowaharibia wengi jioni yao, ni kupandisha miwani juu ya kofia au paji la uso. Sponji hunyonya jasho na theluji ya helmeti, na ukiishusha umejifungia maji yaleyale mbele ya macho. Ukitaka kuivua, ivue kabisa na uiweke ndani ya koti, mahali pakavu.

Usiku lenzi ni baridi kuliko mchana kwa kuwa hakuna jua la kuipasha. Lenzi mbili zilizobandikwa pamoja zikiacha nafasi ya hewa katikati husaidia sana. Lenzi moja tupu haiwezi kuhimili usiku wa baridi kali.

8. Imeshajaa ukungu nikiwa katikati ya mlima. Nifanyeje?

Usisugue ndani. Sehemu ya ndani ina utando unaosambaza maji ili yasifanye vitone, na utando huo ukilowa huwa laini. Glavu moja inatosha kuukwangua, na hapo lenzi itashika ukungu kila siku mahali palepale.

Sogea pembeni mwa mteremko. Vuta miwani mbele kidogo, sentimita moja au mbili, bila kuivua, uache hewa kavu iingie, kisha anza kuteleza taratibu. Mara nyingi husafika kabla ya nguzo ya tatu ya taa. Kama imeganda kuwa barafu kwa ndani, mlimani huwezi kuitengeneza. Shuka pole hadi jengoni, iache ikauke yenyewe kwenye joto la kawaida la chumba, na ugonge maji yatoke badala ya kuyafuta. Kikaushia mikono cha chooni kinavutia, lakini hewa yake ya moto inaweza kuachanisha gundi ya lenzi mbili. Ukiona ukungu uko *katikati* ya lenzi hizo mbili, gundi imeshaachia, na dawa yake ni lenzi mpya.

Mwenye lenzi ya akiba kavu mfukoni, au miwani ya pili ya bei rahisi, amemaliza tatizo hili kwa dakika moja.

9. Nikipita karibu na mashine za kutengeneza theluji lenzi hufunikwa. Kuna kinga?

Mashine hizo hufanya kazi zaidi usiku kwa sababu zinahitaji baridi, kuanzia karibu nyuzi −2. Karibu na mdomo wa mashine matone bado hayajaganda: yanafika kwenye lenzi yakiwa maji na kugandia hapohapo, vidoti vidogo vigumu vinavyosambaza kila mwanga wa taa. Pita upande ule ambao upepo unatoka. Kama hakuna njia, punguza mwendo kabla ya kuingia kwenye wingu, inamisha kichwa ili ukingo wa helmeti ukinge lenzi, na usisimame ndani yake kamwe. Aliye nyuma yako hakuoni.

Ukitoka, gonga fremu kwa kidole vidoti vidondoke. Vilivyong'ang'ania viyeyushe kwa kiganja kitupu juu ya lenzi, kisha kausha kwa kitambaa laini. Kukwangua kwa glavu yenye chembe za barafu ni kuchora mikwaruzo.

10. Lenzi yangu ina mikwaruzo ambayo mchana siioni. Ina shida?

Usiku ina shida. Mchana mwanga hutoka kila upande na mkwaruzo hupotea ndani yake. Usiku kila taa ni nukta moja kali, na kila mkwaruzo huivuta nukta hiyo kuwa mstari. Jaribu nyumbani: zima taa za chumba, washa tochi ya simu umbali wa mita tatu, itazame kupitia lenzi. Ukiona utando wa miale kuzunguka nuru, lenzi hiyo ni ya mchana. Lenzi angavu ihifadhi kwenye mfuko wake laini tangu siku ya kwanza.

## Taa za mteremko

11. Kwa nini kuna mahali naona kila kitu na hatua chache mbele sioni?

Taa ziko juu ya nguzo, na kati ya nguzo na nguzo mwanga hupungua. Jicho lililotoka kwenye eneo angavu linakuta lile hafifu kama shimo. Kwenye mteremko usioujua, shuka mara ya kwanza polepole ukiangalia mambo mawili: nguzo ziko upande gani, na wapi zinaachana sana. Kwenye mikunjo ya mlima, mwanga wa nguzo ya juu hukatwa na kingo ya mteremko, na upande wa chini hubaki kivulini hadi nguzo inayofuata.

Taa inayotoka pembeni ni rafiki yako. Inalaza mwanga juu ya theluji, kila tuta na kila alama ya ubao inatupa kivuli, na unaisoma ardhi. Taa iliyo nyuma yako inatupa kivuli cha mwili wako mbele, mahali palepale unapokwenda. Sogea mita chache kulia au kushoto kivuli kikae pembeni. Usiitazame taa yenyewe. Ukiwa kwenye lifti ya viti elekeza macho chini, kwenye theluji.

12. Usiku na mchana wa mawingu mazito, kipi ni kigumu kuona?

Wengi hushangaa: mara nyingi mchana wa mawingu. Mawingu husambaza mwanga kutoka kila upande kwa usawa, hakuna kivuli, na tuta la nusu mita haliwezi kutofautishwa na uwanja. Taa za nguzo hutoa mwanga mchache lakini wenye mwelekeo. Hali hiyo hubadilika theluji inapoanguka kwa wingi au ukungu ukishuka mlimani: mwanga wa taa hurudishwa na chembe zilizo hewani, na hapo usiku huwa mgumu kuliko vyote. Sogea karibu na miti au uzio wa pembeni ili macho yapate kitu cheusi cha kushika.

13. Nitaitambuaje barafu kabla sijaifikia?

Kwa mng'ao. Theluji iliyosawazishwa hurudisha mwanga kwa upole, ikiwa na mistari ya mashine juu yake. Barafu hukupa alama angavu ya taa ndani yake, na kuzunguka alama hiyo huonekana kijivu au nyeusi. Itafute zaidi pale palipopigwa na jua mchana, chini ya mashine za theluji, na katikati ya njia nyembamba ambako kila mtu hufunga breki. Iliyoyeyuka alasiri huganda jua likizama, kwa hiyo mteremko uliokuwa laini saa tisa unaweza kuwa kioo saa moja usiku.

Ukiiona umechelewa, usikate kona juu yake. Laza ubao, kunja magoti kidogo, pita moja kwa moja, kisha kata kona ukifika kwenye theluji.

Masikio nayo husaidia: ubao kwenye theluji hunong'ona, kwenye barafu hukwaruza. Ndiyo sababu mojawapo ya kutoteleza na muziki mkubwa usiku.

14. Macho huchukua muda gani kuzoea?

Kuzoea giza kamili huchukua dakika 20 hadi 30. Mteremko wenye taa si giza kamili, na dakika 5 hadi 10 nje hukufikisha mahali pazuri. Ukitoka kwenye mkahawa wenye taa kali, usishuke mteremko mgumu kwanza. Panda lifti, shuka mwepesi. Simu ni adui hapa: kioo chenye mwanga kamili kwenye lifti kinarudisha jicho nyuma. Kipunguze hadi chini kabisa.

Kuna jambo lisilojulikana sana. Saa nyingi kwenye theluji yenye jua bila lenzi nyeusi hupunguza uwezo wa macho kuzoea giza jioni ya siku hiyohiyo. Anayetaka kuteleza mchana na usiku avae S3 mchana, hata kama haoni haja.

15. Taa zikizimika ghafla nikiwa njiani?

Simama pembeni, upande wenye miti au uzio, usikae katikati. Usiendelee "kidogo tu hadi chini". Taa za LED huwaka mara umeme ukirudi. Taa za zamani za metali halaidi zikizimika hulazimika kupoa kabla ya kuwaka tena, na hilo linaweza kuchukua dakika 10 au zaidi, kwa hiyo kukaa kwa giza si dalili kwamba umesahauliwa. Washa tochi ya simu uielekeze chini ili wanaoshuka wakuone. Ukiwa juu ya lifti, baki umeketi na kizuizi kikiwa chini. Lifti nyingi zina injini ya akiba ya kushusha watu.

## Kuona ukiwa juu ya ubao

16. Mbona wenye ski hawasumbuliwi na upande wa nyuma kama sisi?

Kwa sababu wao hutazama mbele kwa kifua. Sisi husimama ubavu. Anayetanguliza mguu wa kushoto amegeuzia mgongo upande wa kushoto. Anayetanguliza wa kulia, mgongo uko kulia. Kona ya kisigino inakupeleka upande huohuo usiouona, na fremu ya miwani inaongeza ukuta.

Usiku aliye upande huo anaweza kuwa amevaa nguo nyeusi na yuko kati ya nguzo mbili. Geuza kichwa, hadi kidevu kivuke bega la mbele, *kabla* ya kuhamia ukingo wa kisigino. Chagua miwani yenye fremu nyembamba na lenzi pana pembeni. Na usikate kona moja ndefu inayovuka mteremko mzima. Kona fupi zenye upana usiobadilika zinamsaidia aliye nyuma kukukadiria.

17. Niende kwa mwendo gani?

Kwa mwendo unaokuwezesha kusimama ndani ya umbali unaouona. Kilomita 40 kwa saa ni mita 11 kila sekunde. Kama tuta au mtu unamtambua akiwa mita 20 mbele, unazo chini ya sekunde mbili, na moja kati ya hizo hupita kabla mwili haujaanza kuitikia. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Ski na Ubao wa Theluji, FIS, zinasema hivyohivyo: mwendo ulingane na hali ikiwemo mwonekano, na anayetoka nyuma ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa aliye mbele.

18. Nifanyeje nionekane?

Koti la rangi angavu, na ukanda wa kurudisha mwanga mgongoni na kwenye helmeti. Kubwa zaidi ni mahali unapokaa. Watu wa ubao huketi kufunga vifungo, na aliyeketi ni mfupi na hana mwendo. Keti pembeni, chini ya taa, mahali ambapo anayetoka juu anakuona tangu mbali. Kamwe usiketi chini ya ukingo wa tuta.

## Wenye matatizo ya macho

19. Navaa miwani ya macho. Nitaipangaje?

Nunua miwani ya theluji iliyotengenezwa kuvaliwa juu ya miwani ya macho. Ina kina zaidi na nafasi kwenye sponji ya pembeni kwa ajili ya mikono ya miwani. Nenda dukani na miwani yako. Ikigusa lenzi ya nje au kubana paji la uso, acha. Tatizo linalobaki ni ukungu kwenye miwani ya ndani, ambayo haina upepo: paka dawa ya kuzuia ukungu kabla ya kutoka nyumbani, iache ikauke, futa kwa kitambaa laini. Njia nyingine ni fremu ndogo ya ndani yenye lenzi za namba yako inayobanwa ndani ya miwani ya theluji.

Wenye namba ndogo ambao mchana hawavai miwani, vaeni usiku. Mboni ikipanuka gizani, kasoro ndogo ya jicho huonekana kubwa.

20. Kontakti, zile lenzi ndogo zinazowekwa juu ya jicho, zinaweza kugandia machoni?

Hapana, joto la jicho na machozi haviruhusu. Zinachofanya ni kukauka, na zikikauka kuona kunafifia kila baada ya kupepesa. Tumia laini za siku moja, beba matone ya macho kwenye mfuko wa ndani yasigande, na uwe na jozi ya akiba.

21. Naona duara za nuru kuzunguka taa, au sioni usiku kama wenzangu. Ni lenzi?

Anza na lenzi: ibadilishane na mwenzako kwa mteremko mmoja. Duara zikibaki, tatizo ni jicho. Huenda ni namba iliyobadilika, ukavu, matokeo ya upasuaji wa leza, au mtoto wa jicho anayeanza. Kama unapapasa gizani hata nyumbani, au pembeni mwa macho panapungua, nenda kwa daktari wa macho kabla ya kurudi mlimani. Ukosefu wa vitamini A na magonjwa ya kurithi ya retina huanza hivyo, na kisukari nacho huathiri kuona usiku. Hakuna miwani ya theluji inayotibu hayo.

## Nje ya taa

22. Tochi ya kichwani ya kushukia iwe na lumeni ngapi?

Lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga unaotolewa na tochi. Kwa kupanda kwa miguu lumeni 200 hadi 300 zinatosha. Kwa kushuka, lumeni 800 hadi 1500, zenye mwanga mpana wa karibu pamoja na mwale wa mbali. Usiuamini umbali ulioandikwa kwenye boksi: kwa kipimo cha FL 1 cha Marekani, umbali huo huishia pale mwanga unapobaki robo ya luksi (kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu), sawa na mbalamwezi. Ugawe kwa mbili, na hapo ndipo uwe mwisho wa kupanga mwendo wako kwa swali la 17. Ifunge kwenye helmeti kwa klipu nne au kamba imara. Inayotikisika huchezesha kila kivuli.

Beba ya pili. Tochi moja ikizimika kwenye mteremko usio na taa, hutaweza hata kuitafuta ilipoangukia.

23. Betri hufa mapema. Kwa nini?

Baridi hupunguza kasi ya kemikali ndani ya betri. Waliopanda Kilimanjaro usiku wa kuelekea kilele cha Uhuru wanalijua hili: tochi iliyojazwa chaji mjini Moshi inafifia kabla ya alfajiri. Tochi yenye pakiti ya betri iliyotenganishwa kwa waya ni bora, kwa kuwa pakiti hukaa ndani ya koti. Kwa betri za AA, za lithiamu zisizochajiwa hufanya kazi hadi nyuzi −40, wakati alkalini huchoka mapema sana. Zile za kuchaji za lithiamu ayoni zisichajiwe zikiwa chini ya nyuzi 0. Zipashe moto mwilini kwanza.

24. Theluji ikianguka, tochi inaonyesha ukuta mweupe tu.

Kwa sababu tochi iko karibu na macho, na kila chembe inarudisha mwanga moja kwa moja kwako. Punguza nguvu ya tochi, kisha iteremshe: ifunge kiunoni au kwenye kamba ya kifuani ya begi. Mwanga ukitoka chini ya macho, chembe hung'aa kidogo na matuta yanapata vivuli. Ukiona bado ni ukuta, shuka kwa miguu.

25. Mbalamwezi inatosha?

Kwa kupanda, ndiyo. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 au zaidi ya mwanga unaoiangukia. Kwa kushuka kwa kasi, hapana. Mwezi mpevu hautoi hata luksi moja, na kwa mwanga huo jicho halioni vitu vidogo, hasa katikati, mahali unapokodolea. Uso wa kitu unauona, kina chake hukikadirii.

26. Mteremko uliofungwa usiku hauna watu. Kwa nini nisiutumie?

Kwa sababu mashine za kusawazisha zimo kazini. Kwenye miteremko mikali mashine hufungwa kwa kebo ya chuma iliyotiwa nanga juu, na kebo hiyo hunyooka mamia ya mita, wakati mwingine kilomita nzima. Ni nyembamba, haina taa, na hulala kwenye theluji kisha hukaza na kuruka juu ghafla mashine inapogeuka. Hata tochi ya lumeni 1500 haiionyeshi kwa wakati. Mashine yenyewe inaweza kuwa imejificha nyuma ya mgongo wa mlima, taa zake usizione kabisa.

Ukijikuta umeingia kwa kupotea, toka kupitia pembeni kabisa, usivuke katikati, na ukiona taa za mashine juu au chini yako simama nje ya mstari wake. Namba ya waokoaji wa mlima ihifadhi kwenye simu kabla ya kupanda lifti ya kwanza, na simu ikae mfuko wa ndani kwa sababu zilezile za swali la 23.